Ndege ya Viti Vinne

9 Februari

Mwewe wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, zikukute mzima kama zinavyotuacha sisi. Mama yako hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata moto anatembea kuliko mimi. Anakusalimu na anasema uvae soksi. Sijui nani amemwambia kwamba huvai. Paa la jikoni tumeliziba. Paka amezaa juu ya sponji yangu mpya, na yale makochi ya mwalimu mkuu, ambayo yamekaa kwenye karakana yangu mpaka watu wakadhani ni yangu, hatimaye yameondoka.

Barua yako ya mwisho nilimsomea mama yako jikoni huku akichambua maharage. Sheria ya nyumba hii unaijua: barua haisomwi kimoyomoyo. Alinirudisha nyuma mara mbili kwenye habari za kikohozi chako.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, nalo ni la ndege. Ile uliyoniwekea kwenye kompyuta kabla hujaondoka kwenda kusomea urubani, iliyokuja na programu yenyewe ya mchezo wa kurusha ndege, nimeirusha mpaka sasa sioni tena kama naruka. Nataka ndege ya kuongezea. Ziko tele, na wanaozitengeneza ni wendawazimu wa aina yangu, maana wanakuwekea mpaka mikwaruzo ya mlangoni. Lakini mfuko wangu unatosha ndege moja tu, kwa hiyo nisikosee. Nimebakiza tatu. Moja ni lile dege kubwa la abiria, ambalo mbele ya rubani pana skrini badala ya vipimo vya mishale. Mama yako analitaka hilo, kwa kuwa anasema ndilo utakaloendesha wewe. Nyingine ni ndege ya zamani ya viti vinne, mabawa juu, mishale mitupu. Ya mwisho ni kile kidege cha viti viwili cha kujifunzia, kama chako.

Ungeiona stoo ninakorukia usingeijua. Kiti cha rubani nimekitengeneza kwa mabaki ya makochi, na kina mikono, maana sioni kwa nini mtu apate shida angani. Watoto wa mtaani wananiita Kapteni Kochi. Alasiri nikishafunga karakana navuta pazia, nawasha feni, na mawingu yanaingia ndani. Kuna wakati, ukishayapita na kubaki juu yake, kila kitu kinatulia, jua linalala juu ya weupe ule, na mimi nasahau kama nina deni la kazi au nina mgongo. Mama yako huja kukaa kando yangu tukikaribia kutua. Anasema anapenda kuziona taa za uwanja.

Wewe ndiye mjuzi, nichagulie. Na utuambie, kule kuruka peke yako kumekwendaje? Ulisema itakuwa baada ya mwaka mpya.

Mjomba wako

3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mpe mama shikamoo yangu pia, na umwambie soksi navaa, tena jozi mbili kwa pamoja. Kikohozi kimekwisha. Chumba changu ni kilekile. Dirisha linaangalia nyuma ya kiwanda cha kufua mashuka, na kila asubuhi mvuke unapanda ukutani mpaka nadhani nimeamkia juu. Hongera kwa makochi, na pole kwa sponji.

Nimecheka sana kusikia kiti kina mikono. Usikitoe.

Kuhusu ndege, chukua dege kubwa. Mama yuko sahihi. Lina mambo mengi ya kujifunza na halitakuchosha haraka. Ile ya viti vinne si mbaya, ila ni ya zamani. Kile cha kujifunzia usikichukue. Ni chembamba, mtagusana viwiko, na hakiendi mbali. Utakichoka kabla ya wiki kwisha.

Huku baridi bado ipo. Nafika uwanjani kabla ya watu. Ndege zimefungwa kamba ardhini, zimelowa umande, na ukipita chini ya bawa tone linakudondokea shingoni. Jua linapochomoza, matumbo yao yote yanang'aa kwa pamoja, na unaweza kuona kila mdudu aliyegonga. Napenda saa ile. Baadaye zinaondoka moja moja, nami nazisikiliza mpaka sauti iwe nyembamba kama uzi.

Nakimbilia posta isije ikafungwa. Wasalimie wote.

Mwewe

28 Machi

Mwewe wangu,

Sisi wazima. Watoto wa paka wamefumbua macho na wamehamia kwenye droo ya nyuzi. Mama yako alikwenda kupimwa goti, akaambiwa apunguze ngazi, akauliza ngazi zipi, maana nyumba hii haina hata moja. Barua yako tuliisoma mara tatu kwa ajili ya umande. Mama yako pale akasema umekuwa mtu mzima.

Dege kubwa hapana. Skrini zake zina mistari mingi, hii inapanda, hii inashuka, zinanichosha macho. Na tena si ndege ya mtu wa stoo. Basi tu, usinibane.

Moyo wangu uko kwenye kile cha kujifunzia, na aliyeniweka huko ni wewe. Umesahau barua yako ya kwanza? Uliandika kwamba mkikata kushoto tangi la maji linapita chini ya kiatu chako, halafu kivuli cha ndege kinaonekana mbali, kidogo, kinakimbia juu ya majani. Kadiri mnavyoshuka kinakua na kusogea, mpaka magurudumu yanapogusa na kivuli kinafika papo hapo, kama mtu aliyekuja kukupokea. Niliisoma ile nikashindwa kula. Nataka nami nikione kivuli hicho.

Hukutujibu kuhusu kuruka peke yako. Sikulazimishi, lakini mama yako ananiuliza mimi kana kwamba ninaficha. Kila ndege ikipita juu ya mtaa wetu anatoka uani na kitambaa cha vyombo anaipungia. Jirani alimuuliza anajuaje kama ni ya mwanawe. Akamjibu, "Kwa kuwa sijui, nazipungia zote."

Tuandikie.

Mjomba wako

30 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Kazi zimeniandama, na barua nimeianza mara nyingi. Mwambie mama asijitie wasiwasi, mimi ni mzima. Goti lake alifunge kitambaa cha joto. Watoto wa paka mmewapa nani?

Nimefikiria tena ndege yako. Kwa nini usichukue ile inayotua majini? Nimeiona kwenye orodha ya wauzaji hao hao. Chini ina miguu mirefu kama mitumbwi miwili. Unaondoka ziwani asubuhi, maji yanakuachia polepole, halafu unaweza kutua popote penye utulivu, hakuna njia, hakuna uzio, hakuna anayekuuliza unatoka wapi. Unazima injini na kukaa tu, unaelea. Wiki jana niliota niko ndani yake na mama amekaa nyuma na karai lake la maharage. Hakuna aliyekuwa anaiendesha na hakuna aliyejali. Nilipoamka mvuke ulikuwa umejaa dirishani, nikakaa muda mrefu bila kujua nimo wapi.

Kile cha kujifunzia achana nacho, Mjomba. Nakuomba tu. Nami usinibane.

Mwewe

17 Juni

Mwewe wangu,

Tunakusalimu. Paka watatu wamepata wenyewe, wa nne amegoma kuondoka na sasa analala kwenye kiti cha rubani. Mama yako anakushukuru kwa ushauri wa goti. Ndoto yako ilimfurahisha, isipokuwa alitaka kujua kama maharage yalimwagika.

Nakuambia jambo, usikasirike. Wauzaji wa ndege hizi wanakuruhusu kujaribu siku chache kabla ya kununua, na mimi nilijaribu kile ulichonikataza. Uzee haumfanyi mtu asikie la mjuzi. Nilitafuta uwanja wenu kwenye programu, nao upo, na tangi la maji lipo. Nikaondoka. Nikakata kushoto. Lilipita chini ya kiatu changu kama ulivyosema, na kwa mbali kwenye majani nikakiona kivuli. Mwanangu, nilikuwa peke yangu kwenye stoo na machozi yalinitoka, mzee mzima.

Lakini sikukutana nacho. Mama yako siku hiyo alikuwa kwa jirani mgonjwa, nami kwa kiburi sikumsubiri, nikatua katikati ya ua wa michongoma. Nitakwambia kwa nini, ingawa sijawahi kumwambia mtu nje ya nyumba hii. Pale uwanjani pana taa nne kando ya njia ya ndege. Ukiona nyeupe mbili na nyekundu mbili, unashuka vizuri. Nyekundu zote, uko chini mno. Mimi naona taa nne tu. Nyekundu kwangu haijawahi kuwa kitu. Ndiyo maana mama yako hukaa kando yangu: ananisomea, "Nyeupe mbili, nyekundu mbili, haya teremka." Unakumbuka lile kochi lililokuwa na mkono mmoja wa kijani na mwingine mwekundu, nikasema ni mtindo mpya? Haukuwa mtindo. Ndiyo maana pia nimelikataa dege kubwa: mistari ya skrini zake inatofautiana kwa rangi tu. Mishale haina ujanja huo, inaonyesha juu au chini basi. Nimeona haya kusema, kwa fundi wa vitambaa.

Hilo ni langu. La kwako ni hili. Nimezisoma barua zako zote upya. Zamani zilikuwa zinaangalia chini: tangi, kivuli, paa la shule, ng'ombe wadogo. Tangu mwaka huu uanze zinaangalia juu: matumbo ya ndege, mabawa, tone la shingoni, sauti inayokwenda. Sisemi neno. Nasema tu kwamba nimeona.

Mjomba wako

1 Julai

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika leo na ninakujibu leo, nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya banda la ndege. Natumaini mama hajambo.

Siruki. Sijaruka tangu Desemba. Mwanzoni nilikuwa naruka na mwalimu kando yangu, lakini ili uruke peke yako sharti upate cheti cha daktari. Nilikwenda nikicheka. Akanipa kitabu chenye kurasa za vidoa vya rangi, na ndani ya vidoa pamefichwa namba. Ukurasa wa kwanza nilitaja namba. Wa pili nikaona vidoa. Wa tatu vidoa. Nikamwambia kitabu chake kimechakaa. Aliendelea kufunua kurasa taratibu, kwa upole, na upole ule ndio ulioniambia. Wakanijaribu kwa taa, nyekundu na kijani na nyeupe, gizani. Nilibahatisha. Walijua kwamba ninabahatisha.

Sasa ninaosha ndege, hapo hapo uwanjani. Sikuweza kuondoka. Najua kila kiraka cha kila tumbo. Wanafunzi waliokuja baada yangu wananipa funguo ili niwafutie vioo, halafu wanapanda na kukata kushoto. Ndiyo maana nilikuzuia usichukue kile kidege. Sikutaka uende mahali ambapo mimi siwezi tena kwenda, halafu unisimulie.

Miezi yote hii nilidhani ni kosa la macho yangu peke yangu, kitu kilichonipata mimi. Halafu leo nasoma habari za kochi. Nilikuwa nikilala kwenye kochi lile, Mjomba. Niliukubali ule mtindo mpya kwa sababu niliona mikono yote sawa. Nimecheka hapa kwenye ndoo mpaka fundi injini akaja kuniuliza kama ninalia, na kweli nilikuwa nalia pia.

Kinachoniuma si ndege. Ni kitambaa cha vyombo. Mama anatoka uani na goti lake anapungia ndege, nami simo ndani ya hata moja. Likizo yangu inaanza Agosti. Tiketi nimeiulizia, kisha nikaacha, maana sijui nitaingia mlangoni na sura gani. Nitoke hapo nikiitwa rubani, nirudi na dasta ya kufutia vioo?

Yaache haya kati yetu kwanza. Usimsomee mama.

Mwewe

24 Julai

Mwewe wangu,

Salamu za kawaida leo nitazifupisha: wote wazima, goti limetulia, paka amenenepa.

"Usimsomee mama" uliliandika mwishoni. Mwanangu, mimi ni msomaji wa kuanzia juu. Umekulia katika nyumba hii, unajua barua hapa inasomwa kwa sauti, na kwa kuwa ilikuja upesi namna ile mama yako alishavuta stuli kabla sijafungua bahasha. Nilipofika kwenye "Siruki" nilitaka kugeuza maneno. Alinitazama, nikajua kwamba nikiruka mstari ataniomba miwani asome mwenyewe. Nikasoma yote. Nikasoma mpaka pale penye kitambaa cha vyombo, nacho kilikuwa begani kwake. Nikasoma mpaka mwisho, nikakutana na ombi lako limekaa pale chini limechelewa, nikalisoma nalo.

Alimaliza maharage yake, akayaosha, akayabandika. Nikaona huyu amevunjika moyo. Kumbe alikuwa anapanga maneno. Akasema, "Tangu mdogo nilijua nyekundu haioni. Kila nikimtuma nyanya analeta mbichi, kama baba yake. Sikujua tu kwamba ndege inajali." Marehemu baba yako alikuwa hivyo, nadhani hukupata kujua. Dada yangu alikua na kaka asiyejua nyekundu, akaolewa na mume asiyejua nyekundu, akazaa wewe. Maisha yake yote amekuwa akituchagulia matunda, nyuzi na nguo za shule, wala hajawahi kutulalamikia.

Kisha akasema lingine, na hili ameniagiza nikuandikie kama alivyolitamka, nisiongeze utamu wangu: "Mwambie mimi nilikuwa nampungia mtoto. Ndege nilikuwa sizijui hata majina."

Kwa hiyo njoo. Ukitaka baadaye kurudi kuosha ndege, rudi uoshe. Anasema kazi ya kuosha anaifahamu na haina aibu. Ukitaka kubaki, karakana inahitaji mtu, ingawa nakuonya kwamba tutakuwa vipofu wawili kwenye duka moja la vitambaa.

Ndege nimenunua. Ni ile ya zamani ya viti vinne. Hukuishauri wala kuikataza, na safari hii mchaguzi amekuwa mama yako. Aliuliza ipi inatosha watu wote, akakosa hamu ya kusikia habari za injini. Kwa hiyo nimebomoa rafu za stoo na ninashona viti vingine. Cha mbele kushoto ni chako. Hakuna daktari humu wala kitabu cha vidoa. Mimi nitakaa kulia. Mama yako nyuma, katikati yetu, ili atusomee taa sote wawili. Kiti cha nne nilidhani ni cha paka. Mama yako akasema hapana, hicho ni cha baba yako, ili wasiojua nyekundu wote wakae mahali anapowaona.

Jana alasiri tuliijaribu. Tulikwenda kwenye uwanja wenu, maana sasa naamini huna tena sababu ya kutuzuia. Tangi likapita chini. Mama yako hakuwahi kukaa nami mwanzo wa safari, huwa anakuja mwisho tu, na tulipokuwa juu ya mawingu aliinamia skrini. Feni inavuma, pazia linacheza, jua limelala kwenye weupe. Akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa anaona hivi?" Nikamwambia ndiyo, alikuwa anaona hivi, kwa miezi kadhaa, kila wiki. Akasema basi hujapoteza. Tulishuka. Akanisomea, nyeupe mbili, nyekundu mbili. Kivuli kilikuja kikikua juu ya majani, na safari hii nilikutana nacho.

Kata tiketi ya ndege ya asubuhi, ile inayopita juu ya mtaa wetu kabla ya kushuka. Omba kiti cha dirishani, uangalie chini kama zamani. Mama yako atakuwa uani, lakini anaogopa kitambaa cha vyombo ni kidogo mno kwa mtu aliye juu, kwa hiyo ameniamuru nitandaze juu ya paa la jikoni kile kitambaa kipana cha makochi, nikigongomee kwenye kona zote. Nilimwachia achague rangi kwenye mabunda yangu. Amechukua nyeupe, ambayo sote tunaiona sawa.

Mjomba wako